Asunta, Jibu la Swali Ulilotuachia Mlangoni

Ni mwaka mmoja leo, Asunta mjukuu wetu, tangu basi la asubuhi lilipokuchukua pale kona ya soko la Oruro na lisikurudishe. Tarehe nne Novemba. Ulikuwa unakwenda Potosí kuwasomea walimu wenzako yale uliyoyaandika kwa miaka sita, kuhusu namna wanafunzi wa chuo wanavyojifunza hesabu, na wapi wanakwama, na kwa nini. Ulivaa koti la kijani la mama yako kwa sababu lako lilikuwa limejaa unga. Kila kitu katika nyumba hii kimejaa unga, hata picha za ubatizo.

Anayesema hapa ni babu yako, mwoka mikate, aliyeishia darasa la tatu. Mama yako Primitiva alitaka mistari sita ya gazetini na picha. Babu yako akamwambia mistari sita haimtoshi hata kusafisha koo. Basi mwenye gazeti atupe nafasi, na nyinyi mnaosoma mtuvumilie. Tunaongea na mtoto wetu, nyinyi mmepita tu dirishani mkasikia.

Tunakumbuka ulivyokuwa huwezi kumwambia mtu amekosea. Pale chuo cha walimu, mwanafunzi aandike ubaoni jambo ambalo hata Duque, mbwa wetu, angelitilia shaka, wewe unaegemea dirisha na penseli yako mkononi, unasema, "Nieleze." Halafu unanyamaza. Unahesabu moyoni mpaka kumi na mbili ndipo ufungue mdomo tena. Ulituambia walimu wengi hawafiki tatu. Mama yako kimya hicho alikuwa hakipendi hata kidogo. Ukimfanyia hapa nyumbani, anakurushia kitambaa cha vyombo: "Usiniletee kimya chako cha chuoni! Mimi si mwanafunzi wako!" Nawe unacheka, unaandika. Penseli yako ilikuwa na mlio wake, krr, krr, kama panya mwenye adabu.

Tunakumbuka sanduku lako la viatu, lile lililojaa majibu ya kukosea. Kila jibu na kadi yake. Mwalimu mwenzako mmoja alikuja kunywa kahawa akakutania, "Asunta, wenzio wanakusanya stempu, wewe unakusanya makosa." Ukamjibu papo hapo, "Jibu la sawa wote wanalipata vilevile, mwalimu. La kukosea kila mtu ana lake." Babu yako alilipenda sana neno hilo, akawa analirudia sokoni mpaka wateja wakamwomba aache.

Na kadi ya kwanza kabisa katika sanduku hilo ni ya Yobana, binti wa mama muuza viazi. Wiki ya kwanza chuoni waliulizwa: mwenye mikate mia moja arobaini na minne, anauza kwa dazeni, atahudumia wateja wangapi? Kitabu kinasema kumi na wawili. Yobana na nusu ya darasa wakaandika kumi na mmoja. Walimu wengine wakapiga mstari mwekundu. Wewe ukamwita. "Nieleze." Ukahesabu kimya chako.

"Mwalimu," Yobana akasema, "hivi kuna mtu ananunua dazeni bila nyongeza? Anampa kumi na miwili, halafu anamwongeza mmoja. Ni kumi na mitatu. Wateja kumi na mmoja, unabaki mkate mmoja, anakula mwenyewe muuzaji. Akiuza bila nyongeza si atazomewa soko zima?"

Ulirudi nyumbani siku hiyo unakimbia, ukamsimulia babu yako akiwa ameegemea tanuri, machozi yanakutoka kwa kucheka. "Babu, wamehesabu sawa! Wamehesabu kama wewe!" Hapo ndipo utafiti wako ulipoanzia. Na hapo babu yako akaelewa, kidogo, kazi unayoifanya: kwamba unatafuta watu wanatokea njia gani kabla hujawaonyesha njia yako.

Sasa tufike kwenye lile ambalo mama yako hataki liandikwe.

Asubuhi ile ya basi ulisimama kwenye mlango wa chumba cha mikate, mkoba begani, kile kinasa sauti chako kidogo kama kiberiti mkononi. Ulikuwa umewauliza wanafunzi wako wote swali moja, ukataka pia kusikia mtu ambaye hajasoma analijibuje. Ukasema, "Babu, unatoka hapa mlangoni kwenda mezani. Unatembea nusu ya njia. Halafu nusu ya iliyobaki. Halafu nusu ya iliyobaki tena, hivyo hivyo, huachi. Utafika mezani?"

Babu yako alikuwa na mikate inaungua. Akasema, "Nitakujibu ukirudi. Nenda, mwanangu, basi litakuacha."

Ungelijua, Asunta, mara ngapi ameyatafuna maneno hayo mwaka huu. Maana huku kwetu inajulikana. Uliyemwahidi kitu akafa kabla hujampa, atakuja kukifuata.

Mwaka mzima babu yako aliuliza watu. Alimwuliza padri, padri akaanza kueleza kuhusu mbinguni. Akamwuliza fundi viatu, akaambiwa inategemea viatu. Akamwuliza Yobana, ambaye siku hizi anasikiliza kanda zako moja moja kwenye kile kinasa sauti, kilichoturudia pamoja na mkoba wako, na kuziandika, ili kazi yako isipotee. Yobana akasema, "Kwa hesabu alizotufundisha mwalimu, babu, mwisho wa safari hiyo ni meza yenyewe."

"Na kwa miguu?"

"Kwa miguu sijui. Ndiyo maana alikuuliza wewe."

Ndipo ikaja Novemba. Mwaka jana ulikufa siku mbili baada ya wafu kuagwa kwenye sikukuu yao, kwa hiyo meza hii ya kuwakaribisha wafu ilikuwa yako ya kwanza. Unazijua taratibu, umezifanya tangu mdogo. Marehemu anafika saa sita mchana tarehe mosi, anaondoka saa sita mchana kesho yake. Miaka mitatu anawekewa meza. Na asipokula mwaka wa kwanza, wazee wanasema, anasahau njia ya nyumbani, wa pili na wa tatu haji tena. Hilo ndilo lililokuwa linamkosesha babu yako raha. Wengine waliogopa utakuja. Yeye aliogopa hutafika.

Tulikutandikia kitambaa cheusi. Tukakuwekea vitunguu vyenye mashina marefu ubebee maji ya njiani, miwa uegemee ukichoka, nyama kavu ya llama, mnyama wa milima yetu, na api, ule uji wa mahindi ya zambarau uliokuwa unakunywa mpaka unaota masharubu. Mikate kumi na mitatu. Na babu yako akakanda ngazi ya mkate ya wewe kushukia kutoka mbinguni.

Hapo ndipo alipoharibu. Alikuwa anakanda huku swali lako linamzunguka kichwani, na mikono ikafuata kichwa. Kipandio cha kwanza akakiweka nusu ya ngazi. Cha pili, nusu ya iliyobaki. Cha tatu, nusu tena. Ilipotoka kwenye tanuri, juu ilikuwa tupu, chini vipandio vimesongamana kama watu kwenye foleni, na mwisho kabisa, pale mguu unapotakiwa kugusa meza, palikuwa na nafasi ya upana wa kidole isiyo na kitu.

Mama yako aliitazama. "Baba, hii ni ngazi au kitana kilichovunjika?"

"Ngazi."

"Mtoto wangu atashukaje hapa? Ana miguu ya korongo?"

"Nilikuwa nafikiria."

"Miaka sabini na tisa hufikirii, unakuja kufikiria leo!"

Unga wa ngano ulikuwa umeisha, kengele zilikuwa karibu. Ikabidi iwekwe hivyo hivyo. Unga wa mahindi uliobaki tukautandaza sakafuni, kutoka mlangoni mpaka mezani, hatua nane, kama wengine wanavyotandaza majivu, ili tujue umeingia. Tukakaa ukutani.

Kengele ya saa sita ikalia. Jua lilikuwa kali, mlango wazi, hakuna upepo. Duque akainuka, akatikisa mkia. Halafu mkia ukasimama, akalala kifudifudi kidevu sakafuni, macho yake yakifuata kitu.

Katikati kabisa ya chumba, kwenye unga, palikuwa na alama ya kiatu. Moja tu. Kisigino cha kushoto kimelika upande wa nje, kama viatu vyako vyote vilivyowahi kupelekwa kwa fundi. Kati ya mlango na alama ile unga ulikuwa laini, haujaguswa.

Mama yako alishika mkono wa babu yako mpaka kucha zikaingia. Hatukuiona ya pili ikija. Tulikuwa tunatazama, na tulipopepesa macho ilikuwepo tayari, hatua mbili mbele. Halafu ya tatu, hatua moja mbele. Halafu ya nne, nusu hatua. Babu yako, wa darasa la tatu, alifanya ishara ya msalaba kabla ya mama yako, kwa sababu yeye aliitambua hesabu ile.

Kufikia saa tisa alama zilikuwa zinapandana, kila moja imesogea kidogo kuliko ile ya kabla. Upana wa kiganja. Upana wa kidole. Upana wa ukucha. Zilikuwa zinasogea bado, lakini ungehitaji kuinama na miwani. Ncha ya kiatu chako ilikuwa karibu mno na mguu wa meza, hata karatasi ya sigara isingepita. Na haikugusa.

Mkate haukuliwa. Uji ukapoa, ukafanya ngozi.

"Anakuja, hafiki," mama yako akasema. Hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu angepiga kelele. "Umemwekea ngazi isiyofika, baba. Atazunguka hapo mpaka kesho, kisha atachukuliwa na njaa yake."

Babu yako akainuka pale ukutani. Akajaribu kusogeza meza. Haikusogea, Asunta. Meza ile ile ambayo wewe na Duque mlikuwa mnaisukuma mkicheza. Akaiomba ngazi msamaha, akaivunja, akaiunga upya kwa mate na sukari. Hakuna kilichobadilika.

Asubuhi ya tarehe mbili, ilipofika saa tano na nusu, akaingia Yobana kwa mlango wa nyuma. Ameleta maua na kinasa sauti chako. Akaona sakafu. Akavua kofia yake.

"Babu," akasema polepole, "nina jambo. Ile kanda ya asubuhi ya basi, niliisikiliza mara ya kwanza mwezi wa tatu. Anauliza swali, unamjibu 'ukirudi', kinafuata kimya cha sekunde kumi na mbili, inazima. Mwezi wa sita nikairudia. Kimya kilikuwa sekunde arobaini. Nikajua ni betri. Nikabadilisha betri."

"Na sasa?"

"Jana nimeiacha inacheza nikaenda kuosha nguo. Nimerudi, bado."

Mama yako akasema, "Izime."

"Haizimi, mama."

Akaiweka mezani, kati ya mikate. Tukakusikia. Sauti yako ile ile ya asubuhi, yenye usingizi kidogo: utafika mezani? Sauti ya babu yako: nitakujibu ukirudi, nenda, mwanangu. Halafu kimya. Lakini si kimya kitupu. Kimya chako, cha mtu anayekusubiri na hana haraka, pumzi inaingia na kutoka. Tulikijua, kila mmoja wetu amewahi kusimama mbele yake na aibu. Babu yako akahesabu mpaka kumi na mbili, akapita, akafika mia, akaacha.

"Mjibu," Yobana akanong'ona.

"Sijui jibu!"

"Yeye hajawahi kutaka ujue, babu. Anataka ueleze."

Zilikuwa zimebaki dakika nne kengele kulia. Babu yako alitazama ile nafasi kati ya kiatu chako na mguu wa meza, nyembamba kuliko karatasi. Akatazama mikate. Kumi na miwili imepangwa, na mmoja wa juu kaweka kwa mazoea tu, kama alivyoweka kila siku ya maisha yake, bila kuwaza. Akasimama. Magoti yakalia kama mlango mbovu. Akauchukua ule wa juu, akazunguka meza, akapiga magoti kwenye unga mbele ya alama zako, na akajibu kwa sauti, mbele ya mama yako na Yobana na mbwa:

"Hufiki, Asunta. Kwa miguu yako peke yako hufiki. Ukigawa nusu na nusu, siku zote kitabaki kipande. Nimeuza mikate miaka sitini, najua kipande kinachobaki. Lakini hicho si cha mteja kukimaliza. Mteja ameshatembea yake. Hicho ni cha muuzaji, ni nyongeza. Aliye upande huu ndiye anayeongeza. Nilikuwa nakaa ukutani nakusubiri ufike, na kumbe zamu ilikuwa yangu."

Akauweka mkate juu ya ile nafasi, nusu yake ikigusa ncha ya kiatu chako, nusu ikigusa mguu wa meza.

Kinasa sauti kikanyamaza namna nyingine. Ile pumzi ikasimama. Babu yako alihisi baridi shingoni, baridi ya mlango wa chuo mwezi wa saba, na harufu ya chaki. Ndani ya nyumba iliyojaa unga, alijua tofauti ya chaki.

Halafu kwenye kile kidude tukasikia: krr. Krr, krr, krr. Taratibu, bila haraka, neno kwa neno, mtu anaandika.

Iliandika muda mrefu. Babu yako alikuwa ameeleza mengi.

Kinasa sauti kikasema tak, kikazima. Kengele ya saa sita ikalia. Duque akainuka, akatembea mpaka mlangoni, akasimama anatikisa mkia akiangalia barabara, kama alivyokuwa anakusindikiza. Kwenye unga, kutoka mezani kwenda mlangoni, palikuwa na alama nane mpya za viatu, hatua ndefu za kawaida, za mtu mwenye shibe na safari. Kisigino cha kushoto kimelika nje.

Mama yako aliokota ule mkate. Ulikuwa mwepesi mkononi kama kiota. Akaumega, akala, akampa Yobana, akampa babu yako. Haukuwa na chumvi wala sukari wala chochote, kama kutafuna karatasi. Unajua maana yake: ladha imeshaliwa. Ile kumi na miwili mingine ilikuwa na ladha yake yote. Mama yako alicheka kwa mara ya kwanza tangu koti la kijani liondoke. "Mwaka mzima wa safari," akasema, "na kala nyongeza tu. Mtoto huyu!"

Yobana akachukua kadi, akaandika jibu la babu yako, akalitia kwenye sanduku la viatu, nyuma ya la kwake. Babu yako akamwuliza ni la sawa au la kukosea. Yobana akamtazama, akaegemea dirisha, akanyamaza. Babu yako akahesabu. Alifika kumi na mbili. Amejifunza kwako vizuri, mtoto huyo.

Mikate kumi na miwili tuliigawa kwa jirani walioomba kwa ajili yako. Sakafu hatujafagia. Mama yako anapita pembeni, anasema atafagia Jumamosi, na hasemi Jumamosi ipi.

Umebakiwa na meza mbili. Mwakani ngazi itakuwa na vipandio sawasawa, babu yako ameahidi mbele ya watu, na sasa anajua kuahidi ni jambo gani. Ukiwa na swali jingine njoo nalo. Akiwa hajui, atakueleza hivyo hivyo. Na ikiwa atakuwa ameshatangulia, basi mtakutana njiani, naye atatembea nusu yake.

Tunaokukumbuka: mama yako Primitiva Colque, Yobana Challapa na wanafunzi wako wote wa chuo, waliosahihishwa bila kutukanwa, jirani zako wa mtaa wa soko, Duque, anayelala mlangoni, na mimi babu yako, Eleuterio Colque, mwoka mikate.

Tutakukumbuka daima, Asunta, na nyongeza juu yake.